Msumari wa Tatu

Siku za kesi aliosha kidole kimoja kwanza, kidole kidogo cha mkono wa kulia, kwa sabuni na jivu, akakisugua mpaka kwenye mzizi wa ukucha. Kisha ndipo akaosha mikono yote miwili kama watu wengine. Nilimwona akifanya hivyo kwa miaka zaidi ya kumi, kwa kuwa nyua zetu zilitenganishwa na mstari wa matete tu, na matete yale yalikuwa na mapengo. Mtu akiniuliza leo yule mzee alikuwa nani, sianzi na baba yake wala na mlima alikotoka. Naanza na kidole.

Watu wote walimwita Zuzi, yaani jaji, ingawa katika karatasi za serikali jaji wa kweli alikuwa Mzungu wa kituo. Kituo chetu kilikuwa juu ya milima ya Masisi, na Wazungu wake walikuja na kuondoka. Mmoja alikaa miaka miwili, mwingine alibebwa kwa machela hata kabla hajajua jina la mto tunaochota maji. Zuzi alibaki. Aliketi upande wa kushoto wa meza kama mzee mshauri wa tribinali, mahakama ya kituo, na kesi za bunduki zisizo na karatasi zilipofika, Mzungu hakujisumbua kufikiri. Aligeuza shingo tu na kuuliza, "Zuzi, musumari gani?"

Nyuma ya meza kulikuwa na misumari mitatu ukutani. Ninaijua vizuri, kwa sababu mume wangu alikuwa seremala wa kituo na ndiye aliyeigongomea, huku Zuzi akisimama nyuma yake akimwonyesha kwa fimbo mahali pa kila mmoja. Bunduki iliyoletwa, na karibu zote zilikuwa magobori ya kushindilia baruti kwa mdomo, iliwekwa mezani. Zuzi hakuuliza swali. Alitia kidole chake kidogo ndani ya mtutu, akakizungusha, akakitoa, akakitazama, akakinusa. Kisha aliinuka na kuitundika. Msumari wa kwanza ulikuwa siku kumi na tano za kufagia kituo. Wa pili ulikuwa miezi miwili. Wa tatu ulikuwa miezi sita ya kuponda mawe ya barabara, na fimbo asubuhi ya kuingia gerezani. Sisi tuliosimama barazani tuliuona msumari kabla mshitakiwa mwenyewe hajaelewa, na hapo wanawake walianza kulia au kupumua.

Kwa nini bunduki hii iende msumari huu na ile iende ule, hakumwambia mtu. Watu walibuni. Wengine walisema anahesabu mvi za mshitakiwa, wengine kwamba anasoma macho. Mama mmoja wa Mweso, ambaye mumewe alipata msumari wa pili, aliapa kwamba Zuzi anapima uzito wa kitako cha bunduki. Mimi nilijiona mjanja kuliko wote hao, maana nilikuwa jirani yake na ndimi niliyempikia.

Ndiyo, nilimpikia. Mkewe alikufa kabla sisi hatujahamia kituoni, naye hakuoa tena. Alisema mke mpya angemletea mashemeji wapya, na mashemeji wana bunduki. Kila siku ya kesi nilimpelekea maharagwe asubuhi, naye alinipa kabichi na viazi vya bustani yake. Sharti lake lilikuwa moja tu, nisitie chumvi.

"Chumvi inaleta kiu, Mama," aliniambia. "Zuzi mwenye kiu anafanyaka haraka. Muntu asifungwe juu ya kiu yangu."

Nilicheka, na moyoni nikasema huyu ni mtu mwema. Sufuria yangu ilirudi kila mara imeoshwa na kusuguliwa kwa mchanga, hata chini penye masizi, mahali ambapo wanawake wengi, na mimi mmoja wao, hatuhangaiki napo. Hakurudisha kitu cha mtu kikiwa kichafu. Hata jembe la mume wangu alilirudisha limeoshwa mpini na ulimi. Katika hilo alikuwa kama watu wa kwetu Buleusa, kule chini Walikale, ambako ukirudisha chombo cha watu na uchafu wake umemtukana mwenye chombo pamoja na mama yake. Nilipenda kumwona hivyo. Nilimwona ni mtu wa kwetu aliyepotea njia akafika milimani.

Rushwa hakula, na hilo ndilo lililowatesa watu zaidi, maana mla rushwa angalau ana mlango wa kuingilia. Kuna mtu mmoja wa Ngungu aliyemfungia jogoo mlangoni alfajiri ya kesi yake. Zuzi aliingia tribinali na yule jogoo kwapani, akamweka juu ya meza mbele ya Mzungu, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Huyu naye iko na kesi? Nani atamusemea?" Mwenye jogoo alilazimika kusimama mbele ya watu wote na kumtetea kuku wake. Watu walicheka hadi wakaegemeana. Mzungu alidhani sasa mtu yule amekwisha, lakini Zuzi alitia kidole mtutuni, akanusa, akaitundika bunduki kwenye msumari wa kwanza. Jogoo naye alirudishwa Ngungu na mwenyewe, baada ya siku kumi na tano, akiwa ameshaliwa mkia na paka wa kituo.

Mwingine wa Ngungu vilevile, mzee kabisa, alikamatwa na gobori alilokuwa akilitumia kama komeo la zizi la mbuzi. Kidole hakikuingia. Zuzi alichukua kijiti akachokonoa, na yakatoka matope, samadi kavu na unyoya. Mzungu alicheka, askari alicheka, hata yule mzee alicheka akidhani mambo yameisha. Zuzi hakucheka. "Iko bunduki," alisema, akaenda kuitundika kwenye msumari wa kwanza. Mzee alifagia siku zake kumi na tano, na huko nyuma zizi halikuwa na komeo, chui akachukua mbuzi wawili. Aliporudi tribinali kuuliza nani atalipa mbuzi wake, Zuzi alimwambia anunue mti.

Bunduki za Wazungu wa mashamba ya kahawa ziliegemezwa barazani pale pale tuliposimama, safi, zinanukia mafuta, na hakuna aliyezitia kidole. Siku moja mshitakiwa mmoja alinyoosha mkono akauliza mbona zile hazitundikwi. Zuzi alimjibu bila kupandisha sauti, "Ile iko na karatasi. Wewe uko na mudomo." Akampa msumari wa pili, ambao nadhani ndio angempa hata kama angenyamaza. Ndivyo alivyokuwa. Hasira haikufika kwenye kidole chake, na huruma vilevile haikufika.

Mtoto wa dada yake alipata wa tatu. Dada mtu alipanda mlima, akasimama katikati ya ua, akavua kitambaa cha kichwani akakitupa chini na kumlaani kwa mambo ambayo sitayaandika. Mimi nilikuwa nachungulia penye matete. Zuzi alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na kibuyu. "Umetoka mbali, dada yangu," alisema. "Kunywa maji." Yule mama alikunywa, maana kweli alikuwa ametoka mbali. Hakurudi tena.

Na mtu huyu huyu alilea ndama. Mama yake ndama alikufa kwa kuzaa, na Zuzi akamnywesha maziwa kwa kibuyu, akimkumbatia shingoni na kumwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya sana. Ndama alipokufa, Zuzi hakwenda tribinali. Ilikuwa siku moja tu katika miaka yote ile. Mzungu alitundika bunduki mwenyewe, zote nne kwenye msumari wa kwanza, na kwa mwezi mzima watu wakawa wanaombea Zuzi apate ndama mwingine mgonjwa.

Nimechelewa kufika kwenye jambo langu. Nimekuwa nikilizunguka kwa makusudi, na sasa nitalisema.

Baba yetu kule Buleusa alikuwa na gobori lenye karatasi ya serikali, lenye jina lake na alama ya kidole chake. Alipiga nguruwe wa msituni waliokuwa wakifukua mihogo, basi. Alipofariki, kaka yangu mkubwa aliitundika ile bunduki ndani ya nyumba karibu na kofia ya marehemu na hakuigusa tena. Baruti hakuwa nayo, kwa kuwa muuzaji hauzi bila kuona karatasi na uso wa mwenye karatasi. Hatukujua kwamba karatasi hufa pamoja na mwenyewe. Tulijua miaka miwili baadaye, amri ilipotangazwa kijiji kwa kijiji kwamba kila mwenye bunduki bila karatasi ailete, na atakayeileta mwenyewe hatatafutwa na askari. Kaka alinitumia ujumbe. Alitaka kujua afanye nini, kwa kuwa dada yake anaishi ukuta kwa ukuta na mwenye misumari.

Nikaenda penye pengo la matete. Zuzi alikuwa anapalilia kabichi.

"Zuzi, muntu akileta bunduki yeye mwenyewe, itakuwa namna gani?"

Hakuinua kichwa. "Muntu gani?"

"Muntu tu."

Alipalilia kabichi mbili tatu. "Ailete na mukono yake mwenyewe," alisema. "Na ailete vile iko."

"Vile iko?"

"Vile iko, Mama. Asiiguse."

Leo ninaelewa kwamba aliniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata dada yake. Siku ile niliona ni maneno ya mzee anayetaka kuachwa na kabichi zake. Isitoshe nilikuwa na ujanja wangu. Askari wa mlangoni alishawahi kunisimulia jinsi Zuzi alivyomfokea mtu ambaye bunduki yake ilimwaga kutu juu ya karatasi za meza. "Uchafu gani huu! Panguza!" Niliyashika maneno hayo, nikayaweka pamoja na sufuria zangu zilizosuguliwa, na jembe, na kidole kile cha sabuni na jivu. Sikuuliza bunduki ile ilitundikwa msumari gani.

Kaka alifika Jumamosi, amechoka, miguu imevimba, na bunduki imeviringishwa ndani ya mkeka. Niliifungua uani nikaona aibu. Kutu ilikuwa imekifunika kile chuma chote, na ndani ya mtutu buibui alikuwa amejenga.

"Kaka, utamupatia Zuzi kitu kama hiki?"

"Njo vile iko," alisema, yaani ndivyo ilivyo. "Wewe njo ulituma maneno ile."

"Watasema sisi bantu wa namna gani? Kitu ya serikali inarudi kwa serikali na buibui ndani?"

Kaka alitafakari, akakubali, kwa kuwa alilelewa na mama yule yule aliyenilea mimi. Tuliketi kwenye jua la mchana, nikachukua mchanga, jivu, kitambaa kwenye kijiti, na mafuta ya mawese aliyoniletea kama zawadi kutoka nyumbani. Nilisugua mpaka jioni. Jumapili baada ya ibada nikarudia tena. Nilipomaliza, mume wangu aliishika akasema inaonekana imetoka dukani leo. Kaka aliiweka begani, akaichezesha, akacheka. "Baba angeiona!" alisema. Nilijivuna. Siwezi kuficha hilo, nilijivuna sana.

Jumatatu nilimpikia Zuzi maharagwe bila chumvi, akala, akaosha sufuria, akaosha kidole.

Kaka aliingia tribinali akiwa na shati safi. Mkeka ulipofunguliwa, harufu ya mawese ilifika mpaka barazani. Zuzi aliitazama ile bunduki muda mrefu kuliko kawaida. Alitia kidole, akakizungusha, akakitoa. Kilitoka kama kilivyoingia. Alikinusa. Kisha alimtazama kaka yangu, halafu akatazama nje, juu ya vichwa vya watu, akanitafuta mpaka akanipata. Alijua. Nitakufa nikisema hivyo, kwamba alijua. Akainuka akapita msumari wa kwanza, akapita wa pili.

Nilimsukuma askari nikaingia.

"Zuzi, ni mimi! Ni mimi nilisafisha! Ilikuwa kutu tupu, uliza mume wangu! Kaka hapigake hata ndege, baruti haiko!"

Mzungu aliuliza mwanamke huyu anasema nini. Zuzi alimwinulia mkono wa kumtuliza, akanigeukia mimi, na akanieleza kwa upole ule ule wa siku ya jogoo.

"Mama, bunduki ya kutu inalala. Bunduki safi inafanya kazi. Kidole yangu imetoka safi. Nimuambie Mzungu nini?"

"Umuambie ukweli! Si unanijua?"

"Ninakujua," alisema. "Lakini leo nikikubali, kesho kila muntu atakuwa na dada."

Kuna watu waliocheka. Mzungu akaandika miezi sita.

Fimbo nilizisikia nikiwa jikoni kwangu, zote. Baada ya hapo kaka alipelekwa kuponda mawe barabarani. Yeye alikuwa mtu wa msituni, wa kule chini kwenye joto, na baridi ya milima yetu ilimwingia kifuani wiki ya pili tu. Nilimpelekea chakula kila siku. Alikuwa akiniambia nisilie, kwamba ile bunduki ilipendeza kweli. Mwezi wa nne wa kifungo chake alifia kwenye chumba cha wagonjwa cha gereza, akiwa na blanketi langu.

Zuzi alikuja matangani. Aliketi upande wa wanaume, na aliacha kikapu cha viazi. Nilitaka kuvitupa kimoja kimoja kichwani mwake, lakini waombolezaji walikuwa wengi na chakula kilikuwa kidogo. Tulivila.

Mume wangu aliniuliza mbona naendelea kumpikia yule mzee. Nilimjibu kwamba nataka kila siku ya kesi auone uso wangu kabla ya kuona wa mtu mwingine. Nilidhani siku moja ataacha kula, au mkono utamtetemeka. Alikula. Aliosha sufuria. Mara moja tu katika miaka yote iliyofuata alilitaja jambo lile, tena penye matete, tena akiwa na kabichi zake. "Nilikuambia asiiguse," alisema. Alilisema kwa masikitiko, nadhani. Nilimchukia kwa sababu lilikuwa kweli, na nikajichukia mwenyewe kwa sababu hiyo hiyo. Sikuwa na pa kuiweka chuki yote ile, kwa hiyo nikaiweka yote kwake.

Alizeeka. Macho yake yalianza kuingia ukungu, kisha yakawa meupe. Serikali ilimpa barua na blanketi, ikamwambia akapumzike. Nafasi yake ilichukuliwa na kijana aliyekuwa karani wake, mtu wa shule ya misheni, mpole, aliyejifunza kila kitu kwa kumtazama yeye. Misumari ilibaki ukutani, na kidole kidogo kiliendelea kuingia mitutuni, ila kilikuwa kidole kipya.

Siku hizo watu walikuwa wameanza kunong'ona juu ya uhuru, na serikali ikaziogopa bunduki kuliko zamani. Amri ilitolewa tena. Safari hii askari walipekua nyumba hadi nyumba, bila kujali ya mkubwa au ya mdogo. Asubuhi moja Zuzi aliniita penye matete.

"Mama, ingia. Niko na kitu."

Nilizunguka nikaingia nyumbani kwake. Alipapasa ukuta mpaka kona ya nyuma, chini ya paa, mahali nyasi zilipooza na mvua ilikuwa ikivuja, akatoa kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. Alinipa. Niligusa kitako, na vidole vyangu vikakuta mikwaruzo saba ambayo baba alichora kwa kisu, mmoja kwa kila nguruwe.

"Njo ile ya kaka yako," alisema Zuzi. "Zingine zote tulizivunja kwa fundi wa chuma. Hii ilikuwa muzuri, nikashindwa. Ulikuwa umeisafisha muzuri sana, Mama."

Alisema hivyo kwa kunisifu. Kaka yangu alivunjwa, na bunduki ilihurumiwa.

"Iko na kutu?" aliniuliza.

Niliitazama. "Iko."

"Mingi?"

"Mingi, Zuzi. Imekula mpaka ndani."

"Ni vizuri." Alitabasamu, na meno yalikuwa mawili tu. "Niliiweka penye mvua, miaka yote. Nilisema siku moja watakuja. Sasa sioni njia. Kesho unishike mukono, unipeleke tribinali, niitoe mimi mwenyewe. Siku kumi na tano, basi, na mutoto ule hatanifagisha. Usiiguse."

"Na kama askari bakipita leo?" nilimuuliza. "Batakukuta nayo. Wacha ilale kwangu."

Alifikiri, halafu akakubali. Mtu ambaye hakumwamini dada yake aliyezaliwa naye aliniamini mimi, kwa sababu ya maharagwe.

Mchana ule nilitandika mkeka uani pale pale, kwenye jua lile lile. Mchanga, jivu, kitambaa kwenye kijiti, mawese. Sikulia na sikuwa na haraka. Mahali kutu ilipogoma nilirudi tena na tena mpaka ikaachia. Mume wangu alipita na msumeno begani, akasimama, akatazama, akaelewa. Akaenda zake kazini, na tangu siku ile hakuwahi kuniuliza.

Asubuhi yake nilimshika mzee mkono. Bunduki ilikuwa begani kwangu, imefungwa kwa majani mabichi ya mgomba na gunia juu yake, ili pua yake isipate habari mapema. Njiani aliniambia kabichi za mwaka huu zina wadudu, nisiache kuzimwagia maji ya jivu akiwa ndani. Nikamwahidi.

"Papa Zuzi!" jaji kijana alishtuka. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Nimeleta na mukono yangu."

Nilikata kamba nikafunua majani. Harufu ya mawese ilitanda mezani, na nikaona mabawa ya pua yake yakifunguka. Aligeuza uso kunitafuta kama siku ile, lakini macho yalikuwa yamekwisha, akautazama ukuta pembeni yangu. Jaji kijana alitia kidole chake, akakitoa, akakitazama.

"Papa," alisema, "nani alisafisha hii bunduki?"

Nilingoja jina langu. Nilikuwa nimekwisha kuandaa jibu, nimelilaza mdomoni tangu jana: leo mkikubali, kesho kila mzee atakuwa na jirani. Nilitaka kulisema mbele ya watu wote, na wacheke.

Zuzi hakunipa nafasi. Alinyoosha mikono, akapewa bunduki, akapapasa mpaka mdomo wake. Akatia kidole chake kidogo. Akakizungusha kama zamani, akakitoa, akakinusa.

"Safi," alisema. "Musumari wa tatu. Andika."

"Lakini Papa, kama kuna muntu ali..."

"Kidole imetoka safi, mutoto yangu. Andika."

Nilifurahi. Sitasema uongo, nilitembea kurudi nyumbani nikifurahi, na nikazimwagia kabichi zake maji ya jivu kama nilivyoahidi.

Fimbo walimwachia kwa ajili ya uzee. Mawe hakuweza kuyaona, wakamkalisha uani mwa gereza kuchambua mchele wa askari kwa kupapasa. Hakuwa na mtu wa kumletea chakula, kwa hiyo nilimletea mimi. Nilipika maharagwe nilivyozoea kumpikia, nikampa askari wa mlango. Jioni askari aliirudisha sufuria imeoshwa, imesuguliwa kwa mchanga hata chini penye masizi.

"Muzee anasema aksanti," askari aliniambia. "Anasema tena, kesho Mama atie chumvi. Anasema yeye si zuzi tena, kiu haina neno."

Kesho yake nilipika, nikaonja, nikaona kweli yanataka chumvi. Nikafunika kopo la chumvi, nikampelekea hivyo hivyo.